Wimbo wa Dakika Thelathini na Moja

Kazi yangu ya kwanza ya kukaa kwenye kiti niliipata Laini Saba, ndani ya Kibera, katika chumba kimoja cha mabati hatua chache kutoka reli. Treni ikipita, skrini ya kompyuta ilitetemeka, nami nikaishika kwa mkono mmoja kama mtu anayezuia sufuria isimwage uji. Mlangoni palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa brashi: Maktaba ya Kumbukumbu za Mtaa. Mtu akiingia kutafuta vitabu alivunjika moyo upesi, kwa sababu vitabu vilikuwa rafu moja tu, na nusu yake vya Hesabu. Maktaba yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiachia kidato cha pili, si kwa utundu, ni mambo tu ya nyumbani. Tuliishi Kawangware, upande unaoitwa Kongo, mimi na mama na wadogo zangu wawili, na kila asubuhi nilitembea hadi Kibera. Ile safari niliipenda. Ndiyo iliyokuwa saa yangu ya kuota. Niliota kwamba siku moja msichana kama mimi, huko Japani, ataandika neno Kibera kwenye kompyuta yake, na badala ya kuona picha ya mtaro atasikia sauti ya mama wa Laini Saba akicheka. Nilimweleza mama ndoto hiyo akiwa anachambua pojo. Akasema, "Mwiitu, binti yangu, na huyo Mjapani, kwani hana kazi ya kufanya?"

Mkubwa wangu alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Machakos, mtu wa miwani miwili, mmoja wa kusoma na mmoja wa kutafutia ule wa kusoma. Sote tulimwita Mwalimu. Programu ya maktaba alipewa bure na vijana wa chuo waliokuja likizo moja, wakaiweka, wakatufundisha siku tatu, wakaenda zao. Kazi ilikuwa hivi: watu wa mtaa walileta picha za zamani, barua, kaseti. Tulizinakili kwenye kompyuta, kisha tukawarudishia vitu vyao. Hiyo ilikuwa sheria ya Mwalimu, kwamba hatubaki na mali ya mtu.

Kila kitu kilichoingia kilikuwa na ukurasa wake. Hapo nilijaza kichwa, aina, lugha, aliyeleta, siku kilipoingizwa, urefu kama ni sauti, na mahali faili lilipo. Hayo maelezo ndiyo huitwa metadata. Siku ya kwanza neno lenyewe lilinitisha, nikadhani ni ugonjwa. Mwalimu akaniambia, "Ukiona gunia sokoni lina lebo, lebo si mahindi. Lakini bila lebo utafungua magunia yote ukitafuta mahindi, na siku ikuishie kwenye makaa." Nikaelewa. Toka siku hiyo nikajiona mtu wa lebo, na nikawa na maringo kidogo.

Kaseti ndizo zilizokuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Kabla simu hazijafika mikononi mwa kila mtu, watu wa upande wa ziwa walikuwa na desturi ya kutumiana kaseti. Mama wa nyumbani asiyejua kuandika anakaa mbele ya redio, anabonyeza kile kitufe chekundu, anaongea mpaka upande uishe, kisha kaseti inapewa mtu anayesafiri kuja Nairobi. Sisi kwetu Kitui mtu alituma salamu kwa mdomo, zikifika zimeongezwa chumvi. Kwa hiyo hili la kaseti nililijua kwa kuambiwa tu, na nililijua nusu.

Kunakili kaseti hakuna njia ya mkato. Ikiwa ni ya nusu saa, inacheza nusu saa, kompyuta ikisikiliza. Mimi wakati huo niliendelea kuandika rekodi za picha. Spika niliiacha wazi ili nijue kaseti ikikwama. Kijaluo sikijui. Mwalimu naye hakijui. Nilisikiliza mwanzo, nikaamua ni kitu gani, nikajaza lebo, nikarudi kwa picha zangu.

Katikati ya mwaka wa 2007 alikuja fundi wa nguo mmoja aliyekuwa na cherehani yake barazani, mbele ya reli. Alikuwa ananizidi miaka michache, ana mtoto mgongoni na futi ya kupimia shingoni. Alizaliwa Nairobi, mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na ushago, kijijini kwao, hajawahi kufika. Aliweka kaseti mezani.

"Ni ya nani hii?" nikamuuliza.

"Ya nyanya yangu, mama wa mamangu. Anaimbaimba hapo."

"Anaimba nini?"

"Siz, shule zinafunguliwa Jumatatu, niko na sare kumi na nne hazina kola. Sikiza tu, utajua."

Nikasikiza. Sauti ya mama mzee, nyembamba lakini imenyooka, ikaanza wimbo wa dini, pole pole, ubeti baada ya ubeti. Nikaandika: Kichwa, Wimbo wa dini. Aina, wimbo. Lugha, Kijaluo. Aliyeleta, fundi wa nguo, mbele ya reli. Nikaendelea na picha za timu ya mpira.

Ile siku mama chai alikuwa ameingia. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka huko huko ziwani, akipika chai na chapati kando ya reli, na saa nne alituletea birika. Kwa kawaida alimwaga chai akaenda. Siku hiyo aliketi kwenye kiti cha wageni, birika mapajani, akasikiliza mpaka kaseti ikakatika yenyewe. Alicheka mahali, na mahali akajifuta macho kwa ncha ya leso. Nilimwona. Niliwaza moyoni, kumbe wimbo huu ni mzuri hivi. Sikumuuliza kitu. Aliposimama aliniambia, "Huyu mama anaongea kama marehemu mamangu," nami nikatabasamu, nikamrudishia kikombe.

Miezi ikaenda, diski ikajaa. Sauti hula nafasi kuliko picha, na ya kaseti nzima hula kama familia ya watu kumi. Wiki chache kabla ya kura, programu ilianza kukataa kupokea kitu kipya. Diski nyingine hatukuwa nayo. Mwalimu akakaa na miwani yote miwili, akapanga. Hadithi, barua na mahojiano zibaki nzima, tuzinakili pia kwenye CD zile chache tulizokuwa nazo. Nyimbo, akasema, za dini zinauzwa kila kona, kila mtu anazo. Za aina ya wimbo tubakishe dakika mbili za mwanzo, mfano tu, nyingine tufute.

Programu ilikuwa na uwezo wa kufanya hivyo kwa mpigo. Unachagua aina, unachagua urefu, unabonyeza. Nilibonyeza mimi. Kisha nikamwaga pipa la takataka la kompyuta, nafasi ikarudi, tukaijaza picha za shule ya chekechea ndani ya siku tatu. Nilifurahi sana. Mwalimu aliniambia nimefanya kazi safi.

Kura zikapigwa, na yaliyofuata kila mtu anayajua kwa namna ilivyompata. Mimi yalinipata hivi: siku ya pili ya vurugu Mwalimu alinipigia simu, tukakutana karibu na barabara ya Ngong, akanipa diski ya kompyuta aliyoifungua kwa bisibisi, imefungwa kwa sweta lake. "Kwenu kuna geti," akasema. Kongo nako hakukuwa shwari, lakini ploti yetu kweli ilikuwa na geti. Niliiweka ndani ya pipa la unga, unga ukiwa umebaki kidogo. Mama alipochota aliiona, akafunika tena. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama inashika kutu. Wiki zile zote nilikuwa nikilala nikijua kwamba mtaa mzima wa Laini Saba uko kwenye pipa letu, na ilinipa moyo. Nilijiambia nyumba zikiungua, sauti ziko kwetu.

Mambo yalipotulia, mwezi wa tatu, tulirudi. Chumba kilikuwa kimesimama. Mlango ulikuwa umeng'olewa, rafu imeibwa, vitabu vya Hesabu vimeachwa. Sanduku la kompyuta Mwalimu alilificha kanisani. Tukarudisha diski, ikawaka, tukapeana mikono kama watu waliofunga ndoa.

Siku ya tatu akaingia yule fundi wa nguo. Nilimtambua kwa futi shingoni, maana uso ulikuwa umekonda. Safu yao yote ilikuwa imeungua. Cherehani ilibaki chuma tupu. Yeye na mtoto walikuwa wamekaa uwanja wa kanisa tangu wakati huo, na kanisa lilikuwa limepata basi la kuwapeleka watu makwao. Lingeondoka kesho yake asubuhi.

"Nimesema naenda kwa nyanya," akaniambia. "Wameniandika. Lakini wanateremsha watu kwa steji kubwa, kutoka hapo kila mtu ajipange. Mimi sijui kwetu ni wapi. Njia iko kwa ile kaseti."

"Kaseti gani?"

"Si ile nilileta? Nyanya alieleza kila kitu. Nishuke wapi, nifuate nini, niulize nani. Nilikuwa nasema siku nikienda nitaisikiza nikiwa na kalamu. Sasa iliungua. Lakini hapa mko nayo, si ndiyo?"

Nikamwambia ndiyo. Nilisema kwa furaha kabisa. Hii ndiyo kazi niliyokuwa nimeiota, hata kama hakuwa Mjapani.

Nikaandika kwenye sehemu ya kutafutia: barua. Hakuna. Nikaandika nyanya. Hakuna. Ndipo nikaandika fundi wa nguo, na ukurasa ukafunguka. Wimbo wa dini.  Nikabonyeza.

Mama mzee akaimba. Fundi aliweka mkono kwenye spika kama anayepapasa kichwa cha mtoto. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha wimbo ukaisha, akavuta pumzi, akasema, "Koro, nyakwara..." na hapo pakakatika.

"Anasema sasa, mjukuu wangu," akanieleza. "Endelea."

"Imeisha."

"Haijaisha. Hapo ndio anaanza. Mama alikuwa akisema yeye huanza na wimbo na maombi, hata ukienda kumwomba maji."

Nikatazama ukurasa. Urefu wa faili, dakika mbili. Na chini yake mstari ambao programu huujaza yenyewe siku ya kuingiza, mstari ambao sikuwahi kuuangalia: urefu wa asili, dakika thelathini na moja. Lebo ilikuwa inakumbuka mahindi yote, na gunia tulikuwa tumelimwaga.

Sikujua kusema uongo upesi, na pengine ni vizuri. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba niliandika ni wimbo, kwamba nyimbo zilikatwa, kwamba mkono uliobonyeza ni huu. Aliangalia mtoto, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kwa hivyo wewe umebakisha kuimba, ukatupa njia."

Mwalimu alikuwa amesikia kutoka mlangoni. Akaja, akasoma skrini, akavua miwani. "Wimbo gani huenda dakika thelathini na moja?" akauliza, lakini hakuniuliza mimi. Kisha akamwambia fundi, "Kosa hili ni la watu wawili, mama. Huyu aliandika, mimi nikasoma nikaamini. Tusamehe." Nikamuuliza kama haiwezekani kurudisha. Akatikisa kichwa. Juu ya ile nafasi tulikuwa tumeandika chekechea nzima.

Fundi aliketi kwenye kiti cha wageni. Nadhani ni kile kiti kilichonikumbusha. Nilimwona amekaa pale, nikamwona mtu mwingine amekaa pale, birika mapajani, anajifuta macho kwa leso. Mtu hajifuti macho kwa wimbo wa mtu asiyemjua na kucheka papo hapo. Nikaangalia siku ya kuingiza, na rekodi nyingine za siku ile ile. Timu ya mpira. Ndiyo yenyewe, maana mama chai alikuwa amemtambua golikipa, akamtukana kidogo kwa bao la kizamani.

"Kuna mtu aliisikia yote," nikasema.

Tukatoka mbio. Mahali pa mama chai palikuwa na jivu na mawe matatu. Jirani yake, fundi wa majiko, alikuwa amerudi kazini, anagonga bati.

"Niaje, fundi. Mama chai alienda wapi?"

"Nani anamdai?"

"Hakuna anayemdai. Tunamtaka tu."

"Hapo sasa mnanishangaza." Akagonga mara mbili tatu. "Alienda kwa dadake Kawangware. Kongo. Nasikia chapati zake zimekuwa kubwa, huko watu wana njaa ya kweli."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nilikuwa nimelala wiki nane karibu na mtu huyo, labda nimepita harufu ya chapati zake nikienda dukani.

Kabla ya kwenda tulirudi maktaba. Mwalimu alikuwa ametangulia kuwaza. "Binadamu si kompyuta," akasema. "Huwezi kumbonyeza katikati. Lazima umwanzishe mwanzo." Akatoa redio yake ndogo ya kaseti, akanipa kaseti tupu, nikanakili zile dakika mbili. Ndizo tulizokuwa nazo, basi tukazibeba.

Tulitembea hadi Kawangware, fundi na mtoto mgongoni, mimi na redio begani. Njiani hakuniongelesha sana. Mara moja aliniuliza nimesoma hadi wapi, nikamwambia kidato cha pili. Akasema, "Mimi la nane." Tukatembea tena. Baadaye akaniuliza kama kweli naiota Japani, maana Mwalimu alikuwa amemwambia, nikaona haya, nikasema ndiyo. "Huko nako wana nyanya," akasema, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu siku hiyo.

Mama chai tulimpata kabla ya jua kuteremka, nyuma ya meza yake mpya, mikono imejaa unga. Alinikumbatia bila kunishika, viwiko tu. Nilimweleza. Alisikiliza huku anasukuma.

"Ile kaseti nilikumbuka wiki nzima," akasema. "Lakini siku zimepita, nyathina, mwanangu. Na mambo yamepita hapa katikati. Kulikuwa na daraja. Kulikuwa na mashine ya kusaga." Akageuza donge la unga. "Mengine sijui kama ni yake ama ni ya mamangu."

Fundi aliinamisha kichwa. Mimi nikaweka redio mezani, kando ya unga, nikabonyeza.

Sauti ya nyanya ikaanza. Mama chai aliacha kusukuma. Ubeti wa pili akaanza kuufuata kwa midomo, wa tatu akaimba kabisa, macho amefumba. Wateja wawili waliokuwa wakila waliacha kutafuna. Wimbo ukaisha, nyanya akavuta pumzi, akasema, "Koro, nyakwara," redio ikanyamaza, na mama chai akaendelea. Hakusimama hata kidogo. Alisema kwa Kijaluo, kwa sauti ambayo haikuwa yake, nyembamba, imenyooka, na fundi akaweka mkono mdomoni.

Kisha akili ikamrudia, akaanza kutafsiri kwa ajili yangu na kwa ajili ya fundi, ambaye Kijaluo chake cha Nairobi kilikuwa kinachechemea. Fundi alikuwa na karatasi ya kaki ya kukatia mitindo na chaki, vitu pekee vya kazi alivyokuwa navyo, akaandika juu yake.

"Anasema watu watakwambia shuka sokoni. Usishuke sokoni. Kaa mpaka daraja la pili."

"La pili ama la tatu?" fundi akauliza.

"La pili. Lile babu yako alianguka na baiskeli akiwa na kuku. Hapo ndio nilicheka." Akacheka tena, kicheko kile kile cha siku ile. "Ukishuka, tazama maji yanaelekea wapi, ufuate upande huo. Utafika mashine ya kusaga. Hapo uulize. Lakini anasema usiulize kwa jina lake, jina lake liko kwa nyumba kumi. Uliza mke wa mpiga tarumbeta wa kanisa. Tarumbeta ilikuwa moja tu."

Chaki ikakwaruza karatasi.

"Nini tena?" fundi akasema.

"Maombi mengi. Magonjwa. Ng'ombe alizaa." Mama chai alifuta mkono kwa aproni, akaweka vidole viwili juu ya karatasi. "Na mwisho alisema, mlango wa jikoni kwangu siufungi kwa ndani. Ukifika nimelala, sukuma."

 Chapati iliyokuwa kwenye kikaango iliungua upande mmoja, mteja mmoja akasema ataila hivyo hivyo.

Tulipoachana, fundi alinipa namba ya simu aliyoazima kwa mtu wa kanisani, akachukua yangu. Hakuwa na salio wala mimi sikuwa nalo, kwa hivyo tulipanga kama kila mtu alivyopanga miaka ile. "Nikifika daraja nitakuflash mara moja, ilie tu nikate. Nikimpata nyanya, mara mbili. Usishike, utakula salio la wenyewe." Nilimpa ile kaseti ya dakika mbili aende nayo. Aliikataa kidogo, halafu akaichukua.

Kesho yake nilifika maktaba mapema. Nilimwomba Mwalimu ruhusa ya kupitia nyimbo zote ambazo urefu wa asili ulizidi dakika kumi. Zilikuwepo. Sitasema ngapi. Baadhi zilikuwa kweli za kwaya, upande mzima wa kaseti. Nyingine, mwishoni mwa dakika ya pili, ulisikia mtu akivuta pumzi ili aanze kuongea. Nilizijua kwa hiyo pumzi. Niliziandika kwenye daftari, pamoja na aliyezileta, na miezi iliyofuata niliwatafuta mmoja mmoja kumwambia nilichofanya. Wengine walikuwa na kaseti bado. Wengine walikuwa wamehama nisijue wapi. Mzee mmoja alinifukuza, na alikuwa na haki.

Programu ile ilikuruhusu kuongeza mstari wako mwenyewe kwenye kila ukurasa. Vijana wa chuo walikuwa wametuonyesha, hatukuwahi kuona haja. Niliongeza mmoja: aliyesikiliza hadi mwisho. Mwalimu akaweka sheria kwamba mstari huo ukiwa mtupu, faili halikatwi wala halifutwi, hata diski ikilia. Tangu hapo kila kaseti iliyoingia tulimtafutia mtu wa lugha yake, tukamkalisha kwenye kiti cha wageni na chai.

Simu yangu ililia siku ya pili baada ya basi kuondoka, saa sita mchana, namba ile. Ikalia mara moja, ikakata. Mwalimu alisimama. Mimi nilikuwa nimeshika kibodi na sikuandika kitu. Daraja, nikasema. Sasa yuko darajani. Tukahesabu kwa mawazo: maji, mashine ya kusaga, mke wa mpiga tarumbeta. Kama mashine ipo. Kama tarumbeta inakumbukwa. Treni ikapita nami nikasahau kushika skrini. Tulikaa hivyo hata chai ikapoa, na nilianza kujiuliza kama mama chai alikosea, kama daraja lilikuwa la tatu, kama nyanya mwenyewe alikuwa bado yuko duniani, maana kaseti haisemi hilo.

Ikalia tena, ikakata. Tukangoja. Ikalia mara nyingine, ikakata.

Mwalimu alienda nje kupangusa miwani, na alikaa huko.

Mimi nilifungua ule ukurasa. Nilifuta kichwa, nikaandika: Barua ya nyanya kwa mjukuu wake, njia ya kufika nyumbani. Aina, barua. Mahali faili lilipo: dakika mbili kwenye diski hii, ishirini na tisa kwa mama chai, Kongo. Aliyesikiliza hadi mwisho: huyo huyo.

Jioni nilipita kwa mama chai kumpa habari. Alikuwa na foleni. Nilimwambia ni mara mbili, nikainua vidole, akaelewa. Alisukuma chapati moja, akasukuma ya pili, kisha akasimama na kisukumio hewani.

"Ngai," akasema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwetu, alikuwa ameshaizoea Kongo. "Kuna kitu nilisahau. Nyanya alisema aende na majani ya chai."

"Wewe ndiye ulisahau majani ya chai?"

"Hata mimi nashangaa." Akarudi kwa unga wake, akitikisa kichwa. "Andika huko kwa kompyuta. Mwingine akienda asiende mikono mitupu."

Niliandika asubuhi yake, kwenye maelezo, mstari wa mwisho.